Mitamba ya Reli ya Mwigobero

Siku mliyoniaga ofisini, kijana mmoja wenu aliniuliza, keki ikiwa mdomoni, kama ni kweli Musoma iliwahi kuwa na reli. Nikajibu ndiyo. Mkacheka kwa adabu, kama watu wanavyomchekea mstaafu, mkaendelea na soda zenu. Jibu lile fupi limenikaa kooni wiki nzima, kwa sababu mimi ni mtu wa kukaa na majibu. Nimeona heri niliandike kwa urefu wake, nanyi mlisome siku ambayo kompyuta zimegoma. Vyeo na mishahara nimeviacha. Vimo kwenye faili langu, na faili lenyewe nasikia halionekani.

Niliripoti Ofisi ya Mipango ya Mkoa miaka ile ya Ujamaa, nikiwa nimetoka Chuo Kikuu juzi tu. Nilizaliwa hapahapa Musoma, baba akiwa karani wa posta, kwa hiyo ugeni sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni wasiwasi. Njia nzima kutoka nyumbani nilijiuliza nimsalimieje mkubwa wangu. Bwana Mwinyi, Afisa Mipango, alikuwa na umri wa baba, hivyo shikamoo ilimstahili. Lakini siku zile sote tulikuwa ndugu, na kuna waliosema shikamoo inarudisha mambo ya wakubwa na wadogo. Nilipofika mlangoni nikasema, "Shikamoo, ndugu."

Aliinua macho. Alikuwa mtu wa Tanga, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. "Marahaba, bibie. Na ndugu pia marahaba. Kaa kitako, kazi ni nyingi."

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Mafuru, msimamizi wa mafundi wa Idara ya Ujenzi. Alikuwa Mkwaya wa kandokando ya ziwa, mwembamba, mwenye kofia ya chuma ambayo aliivua kwenye chakula tu. Alinipa vifaa viwili, pima maji na kamba ya nailoni, akaniambia nisivitenganishe. Nilikuwa nikipima mahali, nikiondoka narudi kupima tena. Alinivumilia siku kadhaa, kisha akasema, "Mwanangu, ukiwa na wasiwasi pima tena. Ukipima mara tatu na wasiwasi bado upo, basi tatizo siyo ardhi."

Sasa reli. Mnaijua barabara ya chini inayotoka Mwigobero, mwalo wa mitumbwi ya wavuvi, kuingia mjini. Ziwa lilipanda katika mvua kubwa za miaka ya mwanzo ya Uhuru, na lilipopanda halikuona haraka ya kurudi. Kila masika kipande cha barabara ile kilizama. Mitumbwi ilishusha dagaa Mwigobero, halafu kina mama wakayabeba matenga kichwani, maji mapajani, mpaka kwenye ardhi kavu ambako malori yalisubiri. Mmoja akiteleza, biashara ya wiki nzima imerudi ilikotoka.

Mwenyekiti wao alikuwa Mama Nyangeta, mjane mwenye sauti ya kuvuka ziwa bila mtumbwi. Siku ya kwanza nilipokwenda kumhoji na kalamu yangu, alinitazama miguu. "Viatu hivyo umekuja navyo kutafuta nini huku?"

"Nimekuja kuuliza matatizo yenu, Mama."

"Vivue basi uyaone. Dagaa mkavu akilowana mara ya pili, hata kuku anakukasirikia."

Nilivua viatu, nikavuka naye. Nilirudi ofisini nimelowa mpaka kiunoni, na hapo ndipo Bwana Mwinyi aliponieleza jambo ambalo kina mama walikuwa hawajaambiwa. Mkoa ulikuwa umeamua kwamba njia ya kupita juu ya maji isipopatikana kabla ya masika yajayo, mwalo utahamishiwa ghuba nyingine, upande wa pili wa rasi. Viwanja vya huko vilikwisha kugawiwa watu wengine. Mama Nyangeta na wenzake wangebaki na mchanga mtupu. Tangu siku hiyo kila nilipomwona nilimsalimia kwa huruma kubwa mno, mpaka akaniuliza kama nimefiwa.

Ubishi wa kwanza ulikuwa ni kitu gani kijengwe. Bwana Mwinyi aliwahi kupelekwa kozi Ulaya, akaona mji wenye ziwa na tramu, yaani gari la reli linalopita katikati ya mji likigonga kengele, abiria wamekaa wakitazama maji. Aliichora kwenye ramani kutoka Mwigobero mpaka sokoni, na viti akavichora. Mzee Mafuru aliitazama ramani muda mrefu.

"Bwana Mkubwa, kengele inagongwa na nani?"

"Na dereva."

"Dereva naye anaendesha kwa mafuta?"

"Kwa umeme, Mzee Mafuru."

"Haya," alisema Mafuru, akatazama taa ya dari, ambayo ilikuwa haijawaka tangu Jumatatu.

Hata hivyo hakuikataa reli. Hesabu yake ilikuwa kwamba tuta la kupitisha lori lazima liwe pana, na mawe ya kujaza upana huo hatuna. Reli nyembamba hutosheka na tuta jembamba. Na reli zilikuwepo: mgodi mmoja wa dhahabu uliofungwa njia ya Butiama ulikuwa unauza kama chuma chakavu reli na toroli zilizotumika kutolea mawe chini ya ardhi. Toroli ya namna hiyo husukumwa na watu wawili, mzigo ukiwa wa watu kumi. Bwana Mwinyi alikubali kwa shingo upande, ila kwenye ramani neno tramu hakulifuta.

Ubishi wa pili, ambao ndio ulikuwa mkubwa, ulihusu nani alipie. Tulikutana ukumbini pamoja na watu wa wilaya. Mawe na nguvu za mikono wakazi wa mjini walikuwa tayari kuzitoa, kwa kuwa kujitegemea kulikuwa hewa tuliyovuta. Lakini reli za mgodi hazikutolewa kwa nyimbo. Mmoja akasema ikatwe sehemu ya ushuru wa pamba. Mjumbe wa wakulima kutoka Bunda akasimama, akafunga kitabu chake, akasema, "Pamba haili samaki," akakaa. Mwingine akasema tuombe wafadhili. Tulikwisha kuletewa mtaalamu wao, mzungu mpole aliyepiga picha nyingi na kumuuliza Mama Nyangeta anatarajia abiria wangapi kwa siku. "Abiria ni dagaa," alijibiwa, naye akaliandika hilo kwa makini. Alituachia ushauri kwamba jambo lifanyiwe utafiti mpaka mwaka wa kesho kutwa. Masika hayakuwa na habari hiyo.

Ndipo likaja wazo la ng'ombe. Halikuwa langu, lingekuwa langu ningelifikiria mpaka life. Wakulima wa pande za Bunda hawakuwa na fedha mkononi kabla ya msimu wa pamba, lakini ng'ombe walikuwa nao. Katika kila nyumba kumi mwenye zizi kubwa atoe ng'ombe mmoja, tuwapeleke mnadani, tununue reli. Dagaa wakipita vizuri Mwigobero watafika Nyamuswa, kijiji cha pande hizo, kwa bei ya kufaa, na njaa ikibisha hodi watafika haraka. Mjumbe wa Bunda mwenyewe aliona hilo linazungumzika.

Tukaenda Nyamuswa kwa Landrova. Tulipopita Butiama, nyumbani kwa Mwalimu, dereva alipunguza mwendo na sote tukafunga vifungo vya mashati, kama ilivyokuwa desturi ya kila gari la serikali. Mkutano ulifanyika kwenye ghala la pamba. Bwana Mwinyi alihutubia vizuri sana juu ya undugu wa mkulima na mvuvi. Maswali yalikuwa machache, na mpaka leo nayakumbuka.

"Ng'ombe watakaa wapi?" aliuliza mzee mmoja mrefu, jina lake Wambura.

"Pembeni ya mji, pana majani na maji," alijibu Bwana Mwinyi.

"Josho lipo?"

"Lipo, tena jipya."

"Mchungaji ni mtu wa kuaminika?"

"Wa kuaminika kabisa."

Wazee wakatazamana, wakaridhika. Bwana Mwinyi alifurahi kwamba wakulima wanajali afya ya mchango wao. Kwenye gari alisema hajapata kuona watu waelewa namna ile.

Baada ya muda mfupi ng'ombe wakaja, na wote walikuwa mitamba. Hapakuwa na dume hata mmoja, wala kikongwe wala kilema. Walikuwa majike wachanga wenye manyoya ya kung'aa, wale ambao mfugaji huwatazama asubuhi akasahau chai. "Wangeweza kutuletea vizee," Bwana Mwinyi alisema, machozi yakimlengalenga. "Wametupa wanawali." Mimi nilikuwa na wasiwasi wa fisi, wa radi, wa homa ya ndigana, na wa mchungaji kuoa ghafla akaacha kazi. Lakini kwa nini wote ni majike, hilo halikunipitia kichwani. Nilikuwa mtoto wa posta. Mzee Mafuru alikuwa mtu wa nyavu. Bwana Mwinyi kwao walikuwa na minazi.

Siku chache kabla ya mnada, Mzee Wambura aliingia ofisini kwetu. Alikuwa amevaa koti lake zuri, mkononi kifurushi cha chumvi ya ng'ombe. Akasalimia meza zote, moja moja, kisha akaketi, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

"Nimekuja kumwona mtamba wangu," alisema. "Na nyinyi hamjambo hapa? Watoto wazima?"

Nilimwambia hatujambo, ila sikuelewa anamwonaje ng'ombe ambaye amekwisha kumtoa.

"Nimemtoa, ndiyo. Nimemweka kwenu." Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto jinsi ya kufunga kamba ya kiatu. "Sisi tunawekaga ng'ombe kwa rafiki. Maziwa ni ya anayemfuga. Akizaa tunagawana ndama. Mimi nikipata shida najua pa kwenda, na wewe ukipata shida unajua pa kuja. Ukimpa mtu dume, amekula, mmemalizana. Ukimwekea jike, hamjamalizana. Tukasema serikali imekuja kutaka urafiki, tusiipe dume. Ni aibu."

Alinyanyuka kidogo akachungulia dirishani. "Amepandwa?"

Bwana Mwinyi alipopata habari alifunga mlango. "Mchango ni mchango," alisema. "Watu walisikia kwa masikio yao. Tunauza." Mzee Mafuru alivua kofia, na haikuwa saa ya chakula. "Bwana Mkubwa, mtu akiniachia mtumbwi wake nivulie, nikauuza nikanunue baiskeli, nitaipanda kwenda wapi? Mji wenyewe mdogo huu." Walibishana mpaka chai ikapoa. Tukiuza, Bunda nzima itasema serikali imekula ng'ombe wa rafiki, na hakuna afisa atakayepewa hata maji ya kunywa tena. Tukirudisha, reli hakuna, na mwalo unahama. Mwisho Bwana Mwinyi akanigeukia. "Bibie, wewe wanakupenda. Nenda Nyamuswa ukawaelimishe."

Sikuwahi kupata ushahidi kwamba wananipenda. Nilienda na maelezo yaliyopigwa chapa kurasa nne. Kwenye ghala lilelile, watu wamekalia magunia ya pamba, nilisoma ukurasa wa kwanza nikasikia mtu anacheka kwa pumzi, halafu wa pili, halafu ghala zima.

"Kwa hiyo serikali huwa haifugi?" aliuliza mmoja.

"Haifugi, Mzee."

"Sasa josho jipya ni la kumwogesha nani?"

Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alinigusa goti. "Binti, umeolewa?"

"Bado, Bibi."

"Ndiyo maana."

Kicheko kilipoisha, Wambura aliongea, na yeye mwenyewe alionekana ana haya kidogo. "Na sisi tumekosa. Nani aliwahi kuona serikali inakamua? Lakini basi, ng'ombe yuko kwenu. Mnataka kumuuza?"

"Ndiyo."

"Aliyewekewa ng'ombe hauzi mpaka aombe. Anakuja nyumbani kwa mwenye ng'ombe, siyo kwenye ghala. Anakaa, anasema shida yake. Shida yake, siyo ya mwenzake. Mwenye ng'ombe akiona ni shida kweli, anamwambia uza. Lakini urafiki unabaki, na ng'ombe anabaki wake, hata kama ameshaliwa. Haya, wewe shida yako nini?"

Nikatazama ukurasa wa tatu. Haikuwemo.

Nilirudi Musoma nikaenda moja kwa moja Mwigobero. Ilinibidi nimweleze Mama Nyangeta yote, pamoja na habari ya kuhamishwa kwa mwalo. Nilitarajia alie au anipige. Alianika dagaa wake mpaka wakaenea, kisha akajifuta mikono kwenye khanga. "Kumbe ndicho kilichokuwa kinakufanya unisalimie kama marehemu. Tunaondoka saa ngapi?"

Tuliingia nyumba kwa nyumba, nyuma ya Wambura aliyejitolea kutuonyesha njia. Kwake ndiko tulikoanzia. Mkewe alitutazama mlangoni. "Yupi kati yenu ndiye serikali?"

"Mimi siyo," Mama Nyangeta alisema. "Mimi nauza dagaa."

"Afadhali. Ingia."

Akakaa, akanywa uji wote, akasema shida yake bila kuipamba: mume amezama, watoto wanakula Mwigobero, na Mwigobero inataka kuondolewa chini ya miguu yake. Wambura alimsikiliza kama vile hakuwa amesikia habari ile njiani. "Uza," alisema. "Lakini ni wangu bado. Nitakuja kumwona."

Wengine walisema uza. Wengine walikataa, tena kwa heshima: mmoja alikuwa na mwana wa kuozesha, mwingine alisema hajisikii tu, na tulijifunza kwamba hilo nalo ni jibu. Ng'ombe wao tuliwarudisha wakiwa wameogeshwa vizuri. Kuna nyumba moja Mama Nyangeta miguu ilimvimba akabaki kivulini, nikaingia peke yangu. Mwenye nyumba alikuwa yule bibi wa ghalani. Akanipa kigoda, akasubiri. Kurasa nilikuwa nimeziacha garini.

"Shida yangu, Bibi, ni kwamba silali," nilisema. "Tangu nianze kazi hii silali. Reli ikishindikana nadhani sitalala mpaka nizeeke."

Alinitazama uso, kisha macho, kama mtu anayekagua ndama. "Uza, mwanangu," alisema. "Ulale."

Waliokubali walikuwa kama nusu. Kwa hiyo reli iliyojengwa ilikuwa nusu ya ile ya ramani. Ilianza mwaloni, ikapita juu ya kipande chote kinachozama, na ikakoma hapo ardhi kavu ilipoanzia, mbali na soko. Bwana Mwinyi alisikitikia viti vyake, lakini alikuja kila Jumamosi kubeba mawe, suruali imekunjwa, na alikuwa hodari kuliko nilivyodhania. Mzee Mafuru alitandika mataruma ya mti mgumu ya kulazia reli, mimi nikishika kamba. Nilipima kila taruma mara mbili. Mara ya tatu niliiacha, na naomba mlijue hilo, kwa sababu halikuwa jambo dogo.

Masika yalikuja kabla hatujapaka toroli rangi. Ziwa likapanda, barabara ikazama kama ilivyozoea, na tuta likabaki juu ya maji, jembamba kama mkia wa paka. Wakubwa wa mkoa walikuja na miamvuli. Kina mama walipitisha matenga makavu mbele yao bila kusimama kuwasalimia. Habari ya kuhamisha mwalo sikuisikia tena.

Mzee Wambura alifika mvua ikiwa katikati, amevaa koti lilelile, chini amekunja suruali. Nilikuwa mwaloni naangalia kama mawe yanasogea. Hayakuwa yanasogea.

"Nimekuja kumwona mtamba wangu," alisema.

Mama Nyangeta alimshika mkono, akampandisha juu ya matenga ya dagaa kwenye toroli, na kina mama wawili wakaanza kusukuma. Nikatembea nyuma yao. Mzee yule alikuwa hajawahi kuwa na maji pande zote mbili maishani mwake. Alishika ukingo wa toroli kwa mikono yote, macho mbele, koti likipepea, mpaka tukafika ardhi kavu. Hapo akashuka, akaizunguka toroli, akainama kutazama magurudumu, akaipigapiga ubavuni kwa kiganja.

"Anatembea vizuri," alisema.

"Anatembea, Mzee."

"Anazaa?"

Mama Nyangeta alishusha tenga moja lililojaa, akamwekea miguuni. "Huyu ni wa kwanza," alisema. "Mchukulie mama nyumbani. Na wale wenzako waje nao, kila mtu aje kwa wakati wake, tusichoke."

Wambura alilijaribu tenga kwa mkono mmoja, akaliona zito, akacheka. Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti, siku hizi unalala?"

Nikamwambia silali sana, lakini nalala.